Duara limekuwa yai tangu nifunge kioo kipya

BARUA

Fundi habari za kazi, mimi ni mama wa miaka 52 nipo Kigoma, Mwanga, nina steshenari yangu ndogo, napiga chapa, natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu za NIDA na za vijana wanaoomba mkopo wa chuo, huu mwaka wa nane sasa na kompyuta ni ile ile moja, Dell ya mtumba OptiPlex 380 yenye Windows 7, haijawahi kunisumbua kiivo mpaka mwezi uliopita.

Ilivyokuwa ni kwamba umeme ulikatika jioni alafu ukarudi kwa kishindo, kioo changu cha zamani kile cha mraba inchi 17 kikafa hapo hapo, sipiyu ikapona namshukuru Mungu. Nikavunja kibubu nikanunua kioo kipya kirefu cha inchi 22, chembamba, kizuri kweli, kwenye boksi wameandika 1920 x 1080. Nyuma kina matundu mawili, lile la bluu la pini nyingi na la HDMI. Nikachomeka waya wangu wa zamani kwenye lile la bluu kikawaka.

Furaha iliisha nilipofungua Word. Herufi zimetanuka kwa pembeni kama zimekaliwa, kingo zake zina ukungu, nikiangalia nusu saa macho yanatoa machozi. Mtoto wa dada yangu yupo form four akaingia kwenye setingi akakuta orodha ya rizolusheni, yani idadi ya vidoti vya picha kwa upana na urefu, ni fupi, 800 x 600, 1024 x 768 na 1280 x 1024 basi, hiyo 1920 haipo kabisa. Ilikuwa kwenye 1024, akaipeleka 1280 ndo ikawa mbaya zaidi, akairudisha.

Sasa lililoniumiza. Nilikuwa na oda ya kadi za mchango wa harusi, kadi 80, picha ya maharusi iko ndani ya duara. Kwenye kioo lile duara naliona yai limelala. Nikajua picha imeharibika, nikaiminya kwa mausi taratibu mpaka ikakaa duara kabisa, nikaprinti zote 80 kwenye karatasi ngumu. Kwenye karatasi yai limesimama! Maharusi wamekuwa wembamba, shingo ndefu, hata wenyewe hawajitambui. Mama wa bibi harusi alipokuja akazishika moja moja anazirudisha mezani hasemi kitu, bora angenigombeza. Nimemwahidi nitazirudia kwa gharama zangu na mpaka leo sijaprinti hata moja maana sijui niamini kioo au niamini nini.

Usiku huo sikulala vizuri, nikachora duara jipya kwenye Word, nikachukua rula ya watoto nikapima pale pale juu ya kioo, upana sentimita 12, urefu sentimita 9.

Fundi mmoja wa hapa amesema graphics imeungua na ule umeme, nitafute sipiyu nyingine laki moja na themanini. Mwingine kasema nipigiwe Windows 10 kioo kitatambuliwa chenyewe. Duka moja wameniuzia kiunganishi cha elfu kumi na tano, ati nitoke na ile ya bluu ya kompyuta niingie HDMI ya kioo, nimechomeka, kioo kinaniambia hakuna signo.

Kingine sijui kama kinahusu, mwezi wa tatu kompyuta iliingia virusi ikapigwa Windows upya, tangu siku hiyo haitaki kulala, pale pa kuzimia neno Sleep limefifia halibonyezeki, na nikishusha ukurasa wa PDF unashuka kwa mawimbi kama pazia. Lakini kile kioo cha zamani kilikuwa kinaonyesha vizuri tu ndo mana sikujali.

Nisaidie mwanangu, hela ya sipiyu sina na harusi ni mwezi ujao.

Mama Steshenari, Mwanga, Kigoma

JIBU

Shikamoo mama. Pole na kioo, na zile kadi 80 zimeniuma na mimi huku Tabora, maana karatasi ngumu najua bei yake.

La kwanza kabisa, sipiyu usinunue. Hiyo laki moja na themanini kaa nayo, au kama ulishaanza kuikopa irudishe kesho asubuhi. Graphics ni ile sehemu ya kompyuta inayochora picha ya kwenye kioo, ikiungua kwa kawaida unaona michirizi, rangi za ajabu ajabu, au kioo cheusi moja kwa moja, haikai ikachora picha safi iliyotanuka kwa kipimo kimoja tu kila siku. Na OptiPlex 380 haina kadi ya graphics ya pembeni labda kama kuna mtu aliiongeza, graphics yake imo humo humo kwenye ubao mama, inaitwa Intel G41, na kupitia hiyo tundu ya bluu ina uwezo wa kufika mpaka 2048 x 1536. Yani 1920 x 1080 inaiweza bila jasho. Kompyuta yako haijashindwa, haijaambiwa.

Ile rula ya watoto uliyoishika usiku ndo imenipa jibu kabla hata sijamaliza barua. Angalia, 12 kwa 9 ukizigawa kwa tatu unapata 4 kwa 3. Kompyuta inatuma picha ya 1024 x 768, hiyo umbo lake ni 4 kwa 3, lile la tivii za zamani. Kioo chako kipya umbo lake ni 16 kwa 9, kirefu, sasa kikipokea picha fupi kinaivuta kwa pembeni mpaka ijae. Kwenda juu haivutwi kivile, kwenda pembeni inavutwa theluthi nzima zaidi, ndo mana cha 9 kimekuwa 12. Na huyo mtoto wa dada yako alivyoweka 1280 x 1024 ikawa mbaya zaidi, nayo ni sawa kabisa, hiyo umbo lake ni 5 kwa 4, limekaribia mraba, kwahiyo linavutwa zaidi, ungepima ungekuta uwiano wa karibu 12.8 kwa 9. Ukungu kwenye kingo za herufi unatoka hapo hapo: kioo kina vidoti 1920 kwa upana, kinaletewa 1024 kivigawe, haviingii sawa sawa, basi kinachanganya rangi za jirani kuziba pengo na herufi inaonekana kama imelowa.

Sasa kwanini 1920 haipo kwenye orodha. Mama, ugonjwa huu hukuuanza mwezi uliopita, umeanza mwezi wa tatu siku ile ilipopigwa Windows. Ulisema hujui kama linahusu, linahusu kuliko yote. Aliyepiga Windows aliweka Windows akaondoka, draiva ya graphics, yani programu inayoifundisha Windows kuitumia hiyo graphics, hakuweka. Windows 7 ikikosa draiva inatumia ile ya kubahatisha inayoitwa Standard VGA Graphics Adapter, inawasha kioo chochote lakini haijui mambo mengi, haijui kulaza kompyuta ndo mana Sleep imefifia, haijui kusukuma picha haraka ndo mana PDF inashuka kama pazia, na orodha yake ya rizolusheni ni ile fupi uliyoikuta. Kile kioo cha mraba cha inchi 17 vingi vyake kipimo chao cha asili ni 1280 x 1024, na hiyo ilikuwemo kwenye orodha fupi, kwahiyo kilikaa vizuri tu kikakufichia. Kioo kipya hakina kosa.

Hili linanikera kwakweli na nalisema wazi, mtu anapiga Windows dakika arobaini anachukua hela yake, draiva haweki kwasababu kioo kimewaka na mteja ameridhika. Ukipigiwa Windows tena siku yoyote, kabla hujatoa hela angalia Sleep inabonyezeka au vipi.

Twende kwenye kazi. Kwenye menyu ya Start kuna neno Computer, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chini kabisa chagua Properties. Hilo dirisha usilifunge haraka, lina mambo mawili tunayoyataka. Pale palipoandikwa System type itakuambia 32-bit au 64-bit, iandike kwenye karatasi. Alafu kushoto kuna Device Manager, ingia, tafuta Display adapters, fungua kale kamshale. Kama nipo sahihi utakuta Standard VGA Graphics Adapter. Ukikuta Intel G41 basi mimi nimekosea kwenye draiva na uruke uende kule chini ninapoongelea waya.

Draiva yenyewe ichukue kwa Dell wenyewe bure, ni file tu. Kwenye boksi la sipiyu juu au ubavuni kuna stika ina Service Tag, mchanganyiko wa herufi na namba, jumla yake saba. Tumia simu yako, maana brauza za Windows 7 siku hizi kurasa nyingi zinagoma kufunguka. Ingia kwenye ukurasa wa msaada wa Dell, weka hiyo Service Tag, chagua Windows 7 na ile 32 au 64 uliyoandika, tafuta kundi la Video, shusha ya Intel. Ukikosea 32 na 64 haitaharibu kitu, itakataa tu kuingia. Ila nakusihi, usiingie kwenye kurasa zile za vitufe vikubwa vya kijani vinavyosema draiva zote bure bonyeza hapa, virusi vya mwezi wa tatu vitarudi na ndugu zake. Ikishashuka chomeka simu kwa waya wa USB uihamishe, iendeshe, kubali kubali, mwisho irestati. Wakati inaingia kioo kitakuwa cheusi sekunde kadhaa kisha kirudi, usiogope na usizime.

Ikiwaka bonyeza kitufe cha kulia pale penye uwazi kwenye kioo, Screen resolution, vuta mpaka 1920 x 1080, pembeni itaandika recommended. Kubali. Windows itakuuliza ubakize au urudishe na inahesabu sekunde 15, ukiona giza au maneno Out of Range wewe kunja mikono tu usiguse kitu, sekunde zikiisha inajirudisha yenyewe. Ikitokea mtu amechezea ikabaki giza hata ukizima na kuwasha, wakati inawaka gonga gonga F8 kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua mstari wa low-resolution video, itaingia ukarekebishe. Na kama kuna mahali umeona 75 Hertz, yani mara ngapi kioo kinachora picha kwa sekunde, achana nayo, weka 60.

Sasa waya. Mara nyingine draiva imekaa vizuri na bado 1920 haitokei, hapo angalia kwenye lile lile dirisha la Screen resolution kioo kimeitwaje. Kikiitwa Generic PnP Monitor au jina lake halisi, wanaelewana. Kikiitwa Generic Non-PnP Monitor, kompyuta inaona kuna kioo lakini haijasikia kinasema nini. Hiyo tundu ya bluu ni VGA, imetoka na IBM mwaka 1987, ina nafasi za pini 15 kwa safu tatu, rangi zinapita pini zingine lakini maongezi ya kioo kujieleza, mimi ni fulani kipimo changu hiki, yanapita pini ya 12 na ya 15. Waya wako una miaka mingapi mama? Zima kila kitu, uchomoe, uushike chini ya taa uangalie. Pini ya 9 hapo safu ya kati ikiwa haipo usishtuke, waya nyingi zimetengenezwa bila hiyo. Ila ukikuta nyingine imelala au imevunjika, nunua waya mwingine. Nilishakaa na kompyuta ya shule siku mbili mezani nikapiga draiva mara tatu, kumbe pini moja imepinda unene wa uzi. Ukirudisha kaza zile skrubu za pembeni kwa vidole, usiache unaning'inia.

Ikishakaa kwenye 1920 fungua ukurasa mweupe wa Word ujae kioo kizima, alafu kwenye vitufe vya kioo chenyewe tafuta Auto au Auto Adjust ubonyeze mara moja. VGA picha inakuja kama mawimbi, kioo lazima kikisie kidoti kinaanzia wapi, ukibonyeza hapo kinapima upya na ule ukungu wa mwisho unaondoka. Watu wengi wanasahau hii wanasema VGA haifai.

Utaona kitu kingine mama na nakwambia mapema ili usirudi nyuma. Herufi za menyu zitakuwa ndogo. Usishushe rizolusheni! Hapo ndo wengi wanapoharibu, wanarudi 1024 ili waone vizuri na yai linarudi. Nenda Control Panel, Display, chagua Medium ya 125%, utatoka na kuingia tena, herufi zitakua na duara litabaki duara. Kisha kwenye sehemu ya kutafutia ya Start andika cttune, itakuonyesha maandishi ya aina mbalimbali uchague yanayosomeka kwa jicho lako wewe, usimwachie kijana akuchagulie.

Kile kiunganishi cha elfu kumi na tano kirudishe kesho kama risiti ipo. Hivyo vingi vinatoka HDMI kwenda VGA, upande mmoja tu, wewe ulitaka VGA kwenda HDMI ambayo ni kifaa kingine kina kimeme chake cha USB, na hata hicho hukihitaji, kioo chako kina tundu la bluu, linatosha.

Windows 10 kwa kioo hiki haihitajiki, na hiyo yenyewe Microsoft wameacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ila Windows 7 waliiacha tangu tarehe 14 Januari 2020, kwahiyo hizo akaunti za vijana za mkopo na fomu za NIDA zenye taarifa za watu, ningekuwa wewe ningezijazia kwenye simu au laptopu ya mtu mwaminifu, hiyo Dell ibaki ya Word na kuprinti. Hili tutaliongea siku nyingine, lina urefu wake.

Nirudi kwenye kadi, maana harusi haisubiri draiva. Kama leo usiku huwezi kushusha chochote, ingia kwenye menyu ya kioo chenyewe utafute Aspect au 4:3, vioo vingi vinayo. Hakikisha rizolusheni iko 1024 x 768 kisha iweke hapo, utapata weusi kushoto na kulia, herufi bado zitakuwa na ukungu ila duara litakuwa duara na utaweza kufanya kazi. Printa haijui kioo chako kina umbo gani, inafuata vipimo vilivyomo ndani ya faili, ndo mana picha haikuwa imeharibika, iliharibika ulipoiminya ukifuata kioo. Fungua faili la kadi, bonyeza ile picha ya maharusi, upande wa kulia wa utepe wa Format kwenye Size kuna kamshale kadogo pembeni, ingia, bonyeza Reset, picha itarudi ilivyokuwa mwanzo. Kama lile duara ni umbo ulilochora wewe Reset haitalirudisha, hapo andika upana na urefu namba moja, mfano 5 na 5. Weka tiki kwenye Lock aspect ratio ili siku nyingine ukivuta upande mmoja na mwingine ufuate.

Alafu printi moja kwanza kwenye karatasi ya kawaida, uchukue ile rula ya watoto upime duara kwenye karatasi, kulala na kusimama. Zikiwa sawa mpigie mama wa bibi harusi aje aione hiyo moja ya karatasi nyepesi kabla hujaweka ngumu kwenye trei.